Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kilimo: Ufadhili Umfikie Karani wa Ghala

Mheshimiwa Waziri,

Nchi rafiki zimekuwa zikitoa ufadhili kwa watu wa nchi zinazoendelea kwenda kusomea utunzaji wa mazao baada ya kuvuna. Ni jambo jema, na anayepata nafasi hiyo anastahili pongezi. Ila masharti yake hujulikana: shahada, Kiingereza cha kueleweka, barua ya mwajiri, na ruhusa ya kuwa nje ya kituo kwa wiki au miezi. Hapo anayekwenda ni ofisa wa makao makuu au mhadhiri. Karani wa ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha masoko ya mazao, ambaye ndiye anayepokea gunia na kuamua liingie au lirudi juani, hafikiriwi kabisa. Naiomba Wizara yako ianzishe ufadhili wake yenyewe, wa kozi fupi za hapa hapa nchini, kwa ajili ya huyo karani na ofisa ugani wa kata.

Mahindi huharibika kwa maamuzi madogo ya watu wasioandika ripoti. Chukua kipimo cha chumvi. Unatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, unaangalia. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 au karibu na hapo. Kipimo kizuri, tena cha bei ya chumvi. Lakini kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kati ya namba hizo mbili chumvi haisemi kitu. Asiyefundishwa ataona chupa safi, atapakia, na ukungu utaanza kazi yake ndani ya gunia lililofungwa vizuri.

Nasikia tayari hoja ya wanaosema wakulima wanahitaji vifaa, si madarasa: tuwape vihenge vya chuma na mifuko ya kinga njaa. Hoja ina uzito, maana mifuko hiyo huua dumuzi bila dawa, kwa kumnyima hewa tu. Huyo ni mdudu aliyetufikia kutoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima wakambandika jina la Scania. Hata hivyo, mfuko huo huo ukitiwa mahindi mabichi hugeuka chungu cha kuozesha, na ukifungwa ovyo, au mifuko ya ndani ikatobolewa na kijiti, ni gunia la kawaida lililouzwa ghali. Kifaa kimeshafika vijijini kabla ya maelezo yake, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Gharama ya kutojua tumeshailipa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliwafanya watu 68 wa Dodoma na Manyara waugue, 20 kati yao wakafa, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Tulilalamika kuwa ni siasa za biashara, na huenda zilikuwemo, lakini malalamiko hayakaushi mahindi.

Wengine watasema karani akishapata cheti atahama. Na ahame: akienda ghala jingine la wilaya jirani, ujuzi umebaki kwenye mahindi ya Tanzania. Mwenye shahada ya nje ndiye ambaye kuhama kwake hutugharimu zaidi. Simaanishi tuache kupeleka watu nje. Maabara za kupima sumukuvu zinahitaji wataalamu waliosoma kwa kina. Lakini mtaalamu wa maabara huthibitisha kilichokwisha kuharibika, na karani ndiye anayeweza kukizuia.

Walimu tunao, Chuo Kikuu cha Sokoine na vyuo vya mafunzo ya kilimo vya Wizara (MATI). Tuna hata Mkakati wa Taifa wa Usimamizi wa Mazao baada ya Kuvuna wa 2019 hadi 2029, ambao muda wake unayoyoma. Azimio la Malabo la Umoja wa Afrika la 2014 lilitutaka tupunguze upotevu wa mazao baada ya kuvuna kwa nusu ifikapo 2025, na mwaka huo umeshapita. Mheshimiwa, fungu la ufadhili huu lionekane kwenye hotuba yako ijayo ya bajeti, na kozi zifanyike wakati wa mavuno, mahindi yakiwa bado kwenye turubai.