Siku robine inakauka ndiyo siku ya kupambana na kolera

Sisi vijana wa Fizi na Baraka tuko na swali moja kwa wakubwa wetu: kolera inaanza siku gani? Kwa namna wanavyofanya, inaanza siku CTC inajaa, redio inatangaza, na gari za mashirika zinaanza kupita mbio barabarani. Sisi tunasema inaanza mbele ya pale, ile siku maji yanakatika na mama anashuka ziwani na bidoni yake. Na hatusemi hivi juu ya hasira tu. Mambo hii iliisha hesabiwa, tena Uvira, juu ya hii RN5 yetu.

Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, pamoja na wenzao Wakongomani wa afya, walichukua hesabu mbili za kuanzia 2009 mpaka 2014. Moja ni ya wagonjwa walioingia CTC ya Uvira wakidhaniwa kuwa na kolera. Ya pili ni ya maji yaliyotoka kila siku kwenye mtambo wa REGIDESO. Wakaziweka pamoja, siku kwa siku. Matokeo yakachapishwa mwaka 2015: siku moja bila maji ya bomba, basi kwa siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaongezeka kwa 155%. Ni kusema zaidi ya mara mbili na nusu ya vile wangekuwa kama maji yangetoka vizuri. Na karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile waliingia kitandani juu ya maji yaliyokosa kutosha. Robo! Hao ni watu ambao mtambo ungewakinga bila dokta kuwagusa.

Kuna kitu kingine kwenye utafiti ule: shida ilikuwa kubwa zaidi kwenye mitaa iliyozoea kupata maji ya bomba. Sisi tunaelewa hivi: mtu wa robine akikosa maji leo, haoni muda wa kujipanga. Hana klorini nyumbani, kuni za kuchemsha ni pesa, watoto wanalia kiu. Anaenda ziwani kama wengine wote.

Na ziwa letu tunalijua. Mwaka 2008 mtafiti wetu Didier Bompangue na wenzake walionyesha kama zoni za afya za kando ya maziwa, huku mashariki, ndizo chemchemi ya kolera: ugonjwa unabaki hapa hata wakati kwingine umetulia, kisha unatoka tena kusafiri. Kwa hiyo kila mwaka mtu akikuja kutuambia kama kolera «imelipuka», tunajiuliza kama anafikiri imetoka mwezini. Iko hapa. Inangoja tu siku ya kiu.

Sasa wengine watasema: vijana, Uvira si Baraka, ile iko na REGIDESO na mtambo mkubwa. Ni kweli. Hapa kwetu kuna mitaa yenye robine za jamii, na kuna mitaa ambayo hata bomba lenyewe halijafika. Kuna pampu inakufa na kukaa kimya wiki nzima juu ya kipande kimoja cha vyuma ama mafuta ya moteri. Lakini ziwa ni lile moja, na tumbo la mtoto wa Mushimbakye halina tofauti na la mtoto wa Uvira. Tena kwetu tuko na watu waliokimbia vita wanaokaa kwenye familia, na wakimbizi wa Burundi kule Lusenda na Mulongwe. Bomba moja linagawanywa na vichwa vingi kuliko vile lilivyopangiwa.

Na chanjo? Hatuikatae, ikifika tutainywa. Uvira ilichanjwa mwaka 2020, nyuma ya mafuriko ya mwezi wa nne. Mtoto wa Kivu, Espoir Bwenge Malembaka, na wenzake wakafuatilia. Mwaka 2024 wakachapisha: mtu aliyekunywa dozi moja tu alikuwa na kinga ya karibu 53% kati ya mwezi wa 12 na wa 17, na karibu 45% kati ya mwezi wa 24 na wa 36. Kwa dozi moja, ni kazi nzuri. Lakini soma vizuri: karibu nusu ya hatari inabaki palepale. Na tangu Oktoba 2022 chanjo ilikuwa chache duniani mpaka ikaamuliwa kutoa dozi moja badala ya mbili kwenye milipuko. Mtu anayetuambia tungoje chanjo, atuambie pia tutakunywa nini wakati tunangoja.

Tuseme na ya farmasi, maana hapo ndipo watu wetu wanapita kwanza. Mtu akianza kuharisha anaenda kwenye meza ya dawa, anapewa vidonge vine vya Flagyl, na wakati mwingine loperamidi ya kufunga tumbo. Ndugu zetu wa farmasi, tunawapenda, mnafungua usiku wakati kwingine kumefungwa, lakini hii tuiache. Flagyl haiui mdudu wa kolera. Loperamidi inafunga tu mlango wakati nyumba inaungua: inayozuiliwa inabaki tumboni, na maji ya mwili yanaendelea kupotea. Kolera inaua juu ya maji na chumvi kuisha mwilini, inaweza kufanya hivyo kwa masaa tu, na akitunzwa vizuri na mapema hafi hata mmoja kwa mia. Antibiotiki iko na nafasi yake kwa aliyezidiwa, dokta akiiandika. Dawa ya kwanza ni SRO, ile sasheti ya bei ndogo. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh kule Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa seramu. Akachanganya chumvi na sukari kwenye maji, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka toka kama 30% mpaka chini ya 4%. Kambi, matope, hakuna umeme. Inafanana na wapi?

Kwa hiyo farmasi ya Baraka inayouza Flagyl bila SRO mezani, tunaiomba ibadilike. Mtu akiharisha maji kama ya mchele: SRO mkononi, akianza kunywa njiani, na motari ampeleke CTC.

Desemba 2020, MSF ilitangaza kuacha sehemu kubwa ya kazi yake katika teritware ya Fizi juu ya mashambulizi dhidi ya watu wake. Hatuwalaumu. Wenye kuwapiga tunawalaumu, tena sana. Lakini siku ile tuliona namna afya yetu ilivyosimamishwa juu ya hema la mgeni.

Tunachoomba kwa meya wa Baraka, kwa mkubwa wa teritware na kwa waganga wakuu wa zoni za Fizi na Nundu si mtambo wa mamilioni kesho asubuhi, hata kama huo pia ni haki yetu. Tunaomba hesabu ya Uvira itumike. Pampu ikisimama, tangazo litoke siku ile ile kwenye redio za hapa. Siku ile ile, bareko wasimame kwenye fuko la kuchotea na klorini, watie kwenye kila bidoni, na wasiondoke pale mpaka siku 12 ziishe tangu maji yarudi. Klorini iwekwe akiba mbele ya wakati, isingoje mgonjwa wa kwanza. Na kila mwezi idadi ya wagonjwa kwa kila mtaa ibandikwe ukutani, mahali hata mama wa soko anasoma.

Tunangoja jibu kwa maandishi. Wakati tunangoja, kila mwenzetu anayekaa karibu na robine aanze leo kuandika: tarehe, mtaa, maji yalitoka saa ngapi, yalikatika saa ngapi. Daftari ya shule inatosha.