Trela ya mbao za tanga: usianze na sanduku

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie trela, ingawa mtaona mwishoni kwamba sijaenda mbali na kazi yangu. Maoni yangu ni haya: anayebuni trela ya kufungwa pande zote asianze na sanduku. Aanze na uzito, kisha breki, kisha upepo. Sanduku lije mwisho. Mimi nilianza na sanduku, na nashukuru kuna mtu aliyenizuia mapema.

Tuko marafiki watatu tunaopenda ule mchezo wa kusimama juu ya ubao wenye tanga na kusukumwa na upepo baharini. Shida ni kwamba mimi naishi Mai Mahiu na bahari iko Diani. Kila msimu wa kaskazi au wa kusi ukifika tunapandisha vyombo hadi Limuru, tunapita Nairobi, halafu kuna kilomita 480 hivi mpaka Mombasa, na bado Diani iko mbele. Kurudi ni hivyo hivyo, ila safari inaisha kwa kuuteremka ule ukuta wa Bonde la Ufa. Basi tukaamua kutengeneza trela yetu wenyewe.

Kama kawaida ya watu wa tarakilishi, nilianza kwa kuchora. Nilitazama picha za trela za ng'ambo nikapenda zile ndefu ambazo mtu husimama ndani akabadilisha nguo. Nikachora sanduku la urefu wa mita 3, upana mita 1.8 na kimo mita 1.8, bati la chuma la milimita 1.5, mlango nyuma. Kwenye skrini ilipendeza sana. Ningeweza kuizungusha siku nzima.

Nikaipeleka kwa fundi. Mai Mahiu ni mji wa malori. Yanasimama hapa kabla ya kupanda na baada ya kuteremka, na mafundi wa hapa wameona kila aina ya springi iliyovunjika na kila breki iliyoungua. Mzee aliangalia karatasi yangu, akauliza, "Mzigo wenyewe una kilo ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa hicho.

Nikarudi nyumbani na mizani. Mbao tatu, kilo 8 kila moja. Matanga sita, kilo 4 kila moja. Milingoti minne, kilo 2. Mishikio mitatu ile ya kuzunguka tanga, kilo 3. Jumla kilo 65. Ukiongeza nguo za maji, mapezi, vifaa vya kurekebishia na madumu ya maji, haifiki kilo 130. Halafu nikapiga hesabu ya sanduku langu. Bati lile peke yake lina eneo la mita za mraba 28, na kila mita ya mraba ina uzito wa karibu kilo 12. Hizo ni kilo 330, kabla ya chesisi, ekseli na tairi. Nilipomwonyesha mzee alicheka. "Kijana, unabeba mbao ama unabeba mabati?"

Vyombo vya mchezo huu ni virefu, si vizito. Hilo ndilo trela inapaswa kulijibu.

Swali lake la pili lilikuwa mzigo mzito utakaa wapi. Kwa kuwa mlango ulikuwa nyuma, nilikuwa nimepanga maji na sanduku la vifaa karibu na mlango, rahisi kufikia. Hakubishana nami. Aliniazima trela yake kuukuu ya wazi na magunia ya mchanga, akaniambia niyapange kama mchoro wangu unavyosema, kisha nikaivute kwenye barabara ya vumbi isiyo na magari. Nilipokaribia kilomita 50 kwa saa, mkia ulianza kucheza kushoto na kulia, kila mara zaidi ya mara iliyotangulia. Niliachia mafuta, moyo ukienda mbio. Tukayasogeza magunia mbele ya ekseli, nikarudia mwendo ule ule. Ikatulia kabisa. Gari ni lile, trela ni ile, uzito ni ule ule.

Kanuni wanayoifuata wengi ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela ilalie ndoano ya gari. Trela ya kilo 400 iweke kilo 40 hadi 60 pale, mradi isipite kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Mzigo ukiegemea nyuma, trela hugeuka fimbo inayopiga mkia wa gari.

Sasa breki. Katika Umoja wa Ulaya trela isiyozidi kilo 750 inaruhusiwa kutokuwa na breki zake. Wenzangu waliposikia hivyo walitaka tuokoe pesa. Mimi nasema hapana. Kwenye mteremko wa asilimia 8, trela ya kilo 650 inalisukuma gari kwa nguvu ya kilo 50 hivi, bila kupumzika mpaka chini. Tuseme gari na trela ni tani 2 na mnashuka mita 500. Nishati hiyo inatosha kuchemsha lita 30 hivi za maji baridi. Sehemu huchukuliwa na injini ukiwa gia ndogo na sehemu na upepo, inayobaki inaishia kwenye breki. Mai Mahiu kwa Kikikuyu maana yake ni maji moto, na sitaki kuyachemsha kwa breki za gari. Tumeweka breki zinazojibana zenyewe trela inaposukuma mbele. Nazo hupata moto, kwa hiyo gia ndogo na kusimama kupumzisha bado ni lazima.

Jambo la tatu ndilo lililoniaibisha zaidi. Ubavu wa sanduku langu ulikuwa mita 3 kwa mita 1.8, yaani mita za mraba 5.4. Hiyo ni saizi ya tanga! Mtu anayecheza na upepo kila likizo alikuwa anataka kusimamisha tanga barabarani, pembeni ya bonde, bila kamba ya kulilegeza.

Muundo mpya una kimo cha sentimita 90 tu na upana mita 1.5. Ubavu umebaki mita za mraba 2.7, nusu ya ule wa kwanza. Chesisi ni ya chuma ili fundi yeyote njiani aweze kuichomelea. Ganda ni la alumini, kilo 70 hivi, na kati ya alumini na chuma tumeweka mpira, maana vikigusana penye maji ya chumvi alumini huliwa haraka. Milango iko ubavuni. Milingoti inalala ndani ya mabomba ya plastiki. Kuna matundu ya hewa ili chumvi na unyevu visipikwe ndani, na rangi ni nyeupe kwa ajili ya jua.

Kuna kitu kimoja ambacho picha za ng'ambo hazikunionyesha. Ndani ya ubao kuna povu jepesi na hewa, na mbao nyingi zina skrubu ndogo ya kupumulia. Kutoka Diani hadi Limuru, mita 2,200 hivi juu ya bahari, kanieneo ya hewa ya nje hupungua kwa zaidi ya moja kwa tano. Skrubu ikiwa imekazwa, hewa ya ndani inasukuma ganda na inaweza kulibandua. Ukiilegeza ukasahau kuikaza, ubao utakunywa maji. Kwa hiyo rafu zetu zimepangwa ili skrubu zote zionekane mara tu mlango unapofunguliwa.

Najua wapo watakaosema trela ya nini, funga juu ya gari uende. Kwa mtu mmoja mwenye mbao mbili nakubaliana nao kabisa. Trela isiyohitajika ni hatari isiyohitajika.

Nina digrii ya sayansi ya tarakilishi, na programu yangu ya kuchora haikukosea hata milimita moja. Iliniletea kwa usahihi kamili kitu ambacho kingetuua mteremkoni, kwa sababu sikuiuliza kuhusu uzito wala mteremko. Wangapi kati yetu tunaandika programu hivyo hivyo, skrini nzuri kwanza, mzigo baadaye? Kabla ya kuchora chochote, mtafute anayetengeneza vilivyovunjika. Halafu umjibu swali lake la kwanza.