Bongo wa Mlima Kenya wanahitaji hisabati kama wanavyohitaji walinzi

MZAZI wa Nyeri anayeuza maziwa na kahawa ili amlipie mwanawe karo ya chuo kikuu hupenda kujua mwana huyo atakuwa nani. Akiambiwa udaktari au uhandisi, hutulia. Akiambiwa hisabati, tena ile ya nadharia tupu isiyohusu fedha wala majengo, huuliza swali ambalo wengi wetu tumelisikia: "Hiyo nayo itamlisha nani?"

Serikali huuliza swali lilo hilo kwa lugha ya bajeti. Kila mwaka utafiti usio na faida ya papo kwa hapo ndio wa kwanza kupunguziwa fungu. Nasi wanahabari hatujitoi katika lawama. Katika dawati la uhariri, habari ya ndovu aliyevunja ua hupata ukurasa mzima, ilhali ile ya mwanahisabati hupunguzwa hadi aya mbili, au hukosa nafasi kabisa.

Hata hivyo, jibu la swali la mzazi huyo liko karibu naye kuliko anavyodhani. Liko katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, aliko mnyama aitwaye bongo.

Bongo ni wa ukoo mmoja na tandala na pongo. Ana rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, mistari myeupe ubavuni na pembe zilizojipinda. Bongo wa milimani hapatikani porini popote duniani ila nchini Kenya, katika misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Wawindaji wenye mbwa, wakataji miti na maradhi ya mifugo kama sotoka walimpunguza hadi inakadiriwa kwamba waliosalia porini hawafiki 100.

Katika miaka ya 1960 na 1970, baadhi ya bongo walinaswa, hasa Aberdare, wakapelekwa katika bustani za wanyama za ng'ambo. Uzao wao ndio unaorejeshwa sasa. Mwaka wa 2004, bongo 18 waliletwa Nanyuki kutoka Marekani. Machi 2022, wa kwanza kati ya waliozalishwa Nanyuki waliachiliwa katika eneo la Mawingu, ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Februari 2025, wengine 17 waliwasili kutoka Florida na kupelekwa Meru.

Wengi walioshangilia ndege hizo walihesabu vichwa tu. Huo ni mwanzo mwema, lakini hautoshi.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Othaya au Mukurwe-ini anaelewa sababu. Mtamba wake akiwa tayari kupandwa, jambo la kwanza analouliza ni mbegu ya fahali yupi itatumika, maana anajua hatari ya kumrudishia mtamba mbegu ya baba yake. Uzao wa ndugu kwa ndugu huzaa ndama dhaifu. Anachokijua mfugaji huyo kwa uzoefu, mwanahisabati hukipima kwa namba.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna bongo 50 katika hifadhi, madume watano na majike 45. Kwa macho ni 50. Lakini kila ndama lazima apate nusu ya urithi wake kutoka kwa mmoja wa madume hao watano. Mwaka wa 1931 Mmarekani Sewall Wright alitoa kanuni ya kupima jambo hili: zidisha idadi ya madume kwa ile ya majike, zidisha tena kwa nne, kisha ugawe kwa jumla ya wote. Jibu ni 18. Kwa maana nyingine, kundi hilo la 50 litapoteza utofauti wa jeni zake kwa kasi sawa na kundi la wanyama 18 tu, tisa wa kila jinsia.

Kundi la bongo 50 lenye madume 25 na majike 25 hupoteza takriban asilimia moja ya utofauti huo katika kila kizazi. Lile lenye madume watano hupoteza karibu asilimia tatu. Makundi haya mawili yangesomeka sawa katika taarifa ya habari, ila moja linaelekea ukingoni kwa kasi inayokaribia mara tatu ya lingine. Walinzi hata wangekuwa elfu moja wasingeiona tofauti hiyo, kwa sababu haionekani kwa macho. Huonekana kwenye karatasi.

Karatasi hizo zilitoka wapi? Hapa ndipo kisa chenyewe kinapopata utamu.

Mwaka wa 1940, mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy alichapisha kitabu cha kuitetea fani yake. Humo alijigamba, kwa majonzi kidogo, kwamba hajawahi kugundua jambo lolote lenye manufaa, na kwamba hisabati ya kweli ni ile inayosomwa kwa uzuri wake tu. Lakini miaka 32 kabla ya hapo, mwaka wa 1908, Hardy huyo huyo alikuwa amepeleka barua fupi kwa jarida la Science. Mwanabiolojia Reginald Punnett, aliyekuwa akicheza naye kriketi, alikuwa amemletea fumbo: iwapo sifa fulani ya urithi, kwa mfano vidole vifupi, ina nguvu ya kuifunika nyingine, mbona haienei hadi watu wote wawe nayo?

Hardy alionyesha, kwa hesabu ambayo yeye mwenyewe aliiona nyepesi mno, kwamba katika jamii kubwa ambayo viumbe huoana bila mpangilio maalumu, viwango vya jeni hubaki vilevile kizazi hadi kizazi. Daktari Mjerumani, Wilhelm Weinberg, alifikia jibu hilo kivyake mwaka huo huo. Hadi leo kanuni hiyo hubeba majina yao wawili, na ni miongoni mwa misingi ya elimu ya jeni za makundi ya viumbe.

Neno la kuzingatiwa ni "kubwa". Kanuni hiyo hueleza jinsi mambo yanavyokuwa pale ambapo hakuna kinachovuruga. Kundi likiwa dogo, bahati nasibu huingia: jeni hupotea si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu aliyeibeba hakubahatika kuzaa. Kwa hiyo mtafiti akipima jeni za kundi na kukuta viwango vinatofautiana na vile vya Hardy na Weinberg, hujua pana jambo la kuchunguzwa: pengine ndugu wanazaana, pengine kundi limegawanyika. Barua ya mtu aliyejivunia kutokuwa na faida sasa ni kipimo cha afya ya wanyama ambao huenda hakuwahi kuwawazia.

Kisa hiki si cha pekee. Mwaka wa 1736, Leonhard Euler alishughulikia fumbo la mji wa Königsberg: je, mtu anaweza kuvuka madaraja yote saba ya mji huo bila kurudia hata moja? Alithibitisha kwamba haiwezekani. Ili kufanya hivyo aliuondoa mji wenyewe, akabakiza nukta na mistari tu. Huo ulikuwa mwanzo wa hisabati ya mitandao.

Sasa chora ramani ya eneo letu kwa mtindo wa Euler. Weka nukta moja kwa msitu wa Mlima Kenya, nyingine kwa Aberdare, nyingine kwa Ngare Ndare na Lewa. Kila njia ambayo ndovu anaweza kupita iwe mstari. Kadiri mashamba, miji na barabara zilivyoongezeka, mistari ilifutika mmoja baada ya mwingine. Nukta isiyo na mstari ni kisiwa, na wanyama wa kisiwani hurudi kwenye tatizo letu la kwanza, la ndugu kuzaana.

Ndiyo sababu ushoroba wa takriban kilomita 14 unaounganisha Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare una uzito kuliko ukubwa wake. Ulipokamilika mwishoni mwa 2010, ulikuwa na njia ya kupitia chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru, na Januari 2011 ndovu walianza kuitumia. Mwaka wa 2013, eneo la Lewa na Ngare Ndare liliunganishwa na Mlima Kenya katika orodha ya Turathi za Dunia. Kwa jicho la ekari, ushoroba huo ni ukanda mwembamba. Kwa jicho la mtandao, ni mstari ambao ukifutwa, mchoro hukatika vipande viwili.

Upande wa Nyeri mambo ni magumu zaidi. Ua wa umeme wa Aberdare, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulianza kujengwa mwaka wa 1989 na kukamilika mwaka wa 2009. Umewapa wakulima usingizi na kuulinda msitu dhidi ya misumeno. Hakuna mwenye busara atakayemwambia mkulima wa Kieni kwamba ua huo ung'olewe ili ndovu atembee. Lakini ni haki kusema pia kwamba ua ni mstari uliofutwa. Uamuzi wa wapi pafungwe na wapi paachwe njia si wa siasa peke yake. Unahitaji mtu anayejua kukokotoa gharama ya kila mstari.

Baadhi ya kazi hii inafanyika hapa hapa. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichoanza kama taasisi ya harambee mwaka wa 1972 na kupata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2012, kina hifadhi ya wanyamapori katika ardhi yake nje kidogo ya mji wa Nyeri. Mtafiti Ciira wa Maina na wenzake waliweka humo vinasa sauti vya bei nafuu ili kuwatambua ndege kwa milio yao, na mwaka wa 2016 wakachapisha kumbukumbu ya sauti hizo. Kompyuta huweza kupambanua mlio mmoja na mwingine kwa kuugawa katika mawimbi yake, mbinu inayotokana na hesabu za Mfaransa Joseph Fourier. Fourier hakuwa akitafuta ndege. Alikuwa akichunguza jinsi joto linavyosafiri ndani ya vitu, na kitabu chake kilitoka mwaka wa 1822.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa. Hospitali hazina dawa, vijana hawana kazi, na hesabu haimfukuzi ndovu shambani usiku. Hoja hiyo ina ukweli na haifai kudharauliwa. Pia ni kweli kwamba si kila nadharia huja kupata matumizi. Nyingi hubaki vitabuni, na hakuna awezaye kutabiri ni ipi itakayofaa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuziweka nyingi. Akiba haiozi, na anayengoja njaa iingie ndipo ajenge ghala huwa amechelewa.

Pana pia suala la nani anayeshika kalamu. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, nyani 25 wa kundi moja walivishwa vifaa vya kunasa mahali walipo kila sekunde. Matokeo, yaliyotoka katika jarida la Science mwaka wa 2015, yalionyesha kwamba kundi halimfuati mkubwa wake tu. Waanzilishi wa safari wakielekea pande zinazokaribiana, wenzao hushika njia ya katikati; pande zikiachana mno, huchagua upande mmoja, hasa ule wenye waanzilishi wengi. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini waandishi wake wote wanne walikuwa wa vyuo na taasisi za ng'ambo. Nyani walikuwa wetu, ardhi ilikuwa yetu, hesabu ilikuwa ya wageni. Si kosa la wageni kujua hesabu. Kosa ni letu tukikosa wa kuketi nao meza moja.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuitengea asilimia mbili ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijafikiwa. Wabunge wa kaunti zinazouzunguka mlima, ambao hujivunia watalii na maji yanayotoka humo, wangepaswa kuwa wa kwanza kuuliza kwa nini. Kaunti nazo zinaweza kuanza na jambo dogo: kutenga sehemu ya ufadhili wa masomo kwa wanafunzi wa hisabati halisi, kisha kuwapeleka wakati wa likizo wakae na wanaofuatilia bongo na ndovu, ili kila upande ujifunze maswali ya mwenzake.

Hatuna muda wa kuchezea. Kundi la wanyama wasiofika 100 halingojei bajeti ya mwaka ujao, kwa kuwa kila kizazi kinachozaliwa bila mpango huondoka na jeni ambayo hakuna ndege itakayoirudisha. Kwa hiyo mzazi yule wa Nyeri akiuliza tena hisabati ya mwanawe itamlisha nani, aambiwe ukweli: hatujui bado. Hardy naye hakujua.