Miaka 25 ya Ofisi ya Wahamiaji New York: Haki Isiyongoja Hisani ya Meya

Tarehe 6 Novemba 2001, wiki nane kamili baada ya minara ya World Trade Center kuangushwa, wakazi wa New York walikwenda kupiga kura. Kifusi kilikuwa bado kinafuka moshi kusini mwa Manhattan, na kote Marekani mgeni alikuwa akitazamwa kwa jicho la shaka. Pamoja na kumchagua meya mpya, wapiga kura waliulizwa kama wanakubali marekebisho kadhaa ya katiba ya jiji lao, na mojawapo lilikuwa kuifanya Ofisi ya Meya ya Masuala ya Wahamiaji kuwa ya kudumu. Wakakubali. Mwaka huu wa 2026 ofisi hiyo inatimiza miaka 25 tangu iandikwe katika katiba ya jiji, nasi tunaipongeza kwa moyo mkunjufu.

Tunapongeza kwanza uamuzi wenyewe. Kazi ya kuwahudumia wahamiaji ilikuwa imeanza miaka ya 1980, enzi za Meya Ed Koch, ambaye mwaka 1989 alitoa amri iliyowahakikishia wahamiaji kuwa wanaweza kwenda hospitali, shuleni na polisi bila jiji kupeleka habari zao kwa maofisa wa uhamiaji, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Amri ile ilikuwa njema, lakini amri ya meya mmoja hufutwa kwa kalamu ya meya mwingine. Kura ya 2001 ndiyo iliyoipa ofisi mizizi. Tangu hapo mameya wamekuja na kuondoka, wenye vyama na misimamo tofauti, na ofisi imebaki.

Faida yake huonekana vizuri zaidi dukani. Katika jiji ambalo zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake wamezaliwa nje ya Marekani, duka la kona, saluni, mgahawa na mkokoteni wa chakula mara nyingi ni mali ya mhamiaji. Barua ya mkaguzi inafika, imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Mama mwenye duka haielewi. Anamwita mwanawe wa miaka kumi, anayefanya homuweki nyuma ya kaunta, amsomee. Mtoto anasoma kwa kusitasita: “Mama, wanasema faini.” Faini ya nini, ya kiasi gani, rufaa inakatwa wapi, hajui. Tangu siku hiyo mtoto anabeba hofu ya nyumba nzima, na mama anabeba aibu ya kumtegemea mtoto.

Mzigo huo ndio jiji lilioamua kuupunguza. Mwaka 2008 Meya Michael Bloomberg aliagiza idara za jiji zihudumie watu kwa lugha sita zinazozungumzwa zaidi baada ya Kiingereza. Mwaka 2017 ikaja Sheria ya Jiji Namba 30: nyaraka muhimu zitafsiriwe katika lugha kumi, na ukalimani wa simu upatikane kwa lugha zisizopungua 100. Kiswahili hakimo katika zile kumi. Hata hivyo, Mkongo aliyetoka Lubumbashi au Mkenya aliyetoka Mombasa anaweza kusimama dirishani, akaitaja lugha yake, na mkalimani akatafutwa kwa simu. Ofisi ya Wahamiaji ni miongoni mwa wanaosimamia utekelezaji wa sheria hiyo, na kwa maoni yetu hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Mwaka 2015 kikaja kitambulisho cha jiji, IDNYC, ambacho hutolewa bila kuuliza hali ya uhamiaji ya mwombaji. Mzazi anayeulizwa kitambulisho kwenye mlango wa shule sasa anacho cha kuonyesha, na anaingia kuonana na mwalimu wa mwanawe.

Lipo pia suala la malezi. Mzazi anayefungua duka alfajiri na kulifunga usiku hana amani kama hajui mtoto yuko mikononi mwa nani. Jiji lilipoanza kupanua elimu ya awali bila malipo kwa watoto wa miaka minne mwaka 2014, hali ya uhamiaji ya mzazi haikuwa kikwazo. Wadogo zaidi walibaki nje, kwa kuwa ruzuku za malezi zilifuata masharti ya serikali kuu. Januari 2023 jiji likatenga dola milioni 10 kuanzisha mpango wa Promise NYC, unaowagharimia malezi watoto walioachwa na masharti hayo. Unasimamiwa na idara ya huduma za watoto, ambayo nayo iliingizwa katika katiba kwa kura ileile ya 2001. Tukumbuke pia kwamba dei kea nyingi za nyumbani New York zinaendeshwa na wanawake wahamiaji. Ruzuku inayomlipia mtoto huko inampumzisha mzazi mmoja na kuinua biashara ya mwingine.

Sherehe isitufumbe macho. Wamachinga wa New York wameteseka kwa miongo kadhaa kwa kikomo cha vibali, kilichozaa biashara ya magendo ambamo kibali hukodishwa kwa maelfu ya dola. Sheria ya 2021 iliahidi leseni mpya 445 kila mwaka, lakini utekelezaji umekwenda kwa kusuasua. Promise NYC nayo hutegemea bajeti ya kila mwaka, hivyo kila mwaka wazazi hukaa roho juu.

Meya wa sasa, Zohran Mamdani, alizaliwa Kampala mwaka 1991 na aliomba kura kwa ahadi ya malezi ya bure tangu mtoto akiwa na wiki sita hadi miaka mitano. Tunamsihi yeye na Baraza la Jiji wafanye kwa malezi na vibali kile wapiga kura walichofanya mwaka 2001: waviandike katika sheria, visingoje huruma ya bajeti. Nawe msomaji wetu uishiye New York, ukifika kwenye ofisi ya jiji, mwache mwanao na masomo yake. Omba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako.