Mali bila daftari: Nani anahesabu misitu ya Lamu?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeisikia kwa wenye maduka tangu utotoni, na hakuna mwenye kibanda cha M-Pesa ambaye atakubishia. Lakini jaribu kuuliza swali hilo hilo kuhusu kaunti ya Lamu. Mali iko, tena ya kutosha. Daftari liko wapi, na limeshikwa na nani?

Tuanze na mali. Mpango wa taifa wa usimamizi wa mikoko wa 2017 hadi 2027 unasema Kenya ina hekta 61,271 za mikoko, na kati ya hizo hekta 37,350 ziko Lamu. Yaani ukichukua hekta kumi za mikoko ya nchi hii, sita ni za Lamu. Upande wa bara kuna misitu ya Boni na Dodori, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1976. Baharini kuna hifadhi ya Kiunga yenye kasa, na nguva ambao wamebaki wachache mno.

Sasa weka juu yake bandari yenye mpango wa gati 32, barabara, mipango ya umeme na mazungumzo ya kuuza kaboni. Kila mmoja anataka kipande. Na kila anayekuja anakuja na hesabu yake mkononi. Wewe mwenyeji unakuja na nini?

Lamu imehesabu miti kwa karne nyingi, lakini ile inayoondoka

Usidhani watu wa Lamu hawajui kuhesabu miti. Biashara ya boriti kwenda Uarabuni kwa majahazi ina karne nyingi. Miti ilifungwa kwa korja, ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, boriti, nguzo. Mkataji mzoefu akiutazama mti anajua utaingia kundi gani kabla hajaugusa na shoka.

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko yote ya pwani kuwa misitu ya serikali, na tangu hapo kukata kukawa kwa leseni. Daftari likawepo. Ila tazama vizuri kilichoandikwa humo: korja ngapi zimekatwa, ushuru kiasi gani umelipwa. Hilo ni daftari la muuzaji. Linakwambia kilichotoka dukani. Halikwambii rafuni kumebaki nini, wala kama kuna miche inayokuja kujaza nafasi.

Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Februari 2018 ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma nchi nzima, na wakataji wa Lamu, ambao mikoko ndiyo shamba lao, wakakaa bila kazi mpaka marufuku ilipolegezwa. Mara zote mbili amri ilitoka juu na kumwangukia kila mtu sawa, kijiji kilichokata ovyo na kile kilichokata kwa adabu. Ungekuwa na hesabu ya kila eneo ungeweza kusema: hapa pamechoka, pumzisheni; pale pamejaa, kateni kidogo. Bila hesabu, kinachobaki ni kufunga au kufungua bomba zima.

Kuhesabu msitu ni kazi gani hasa?

Wengi wetu tukisikia utafiti wa mimea na wanyama tunafikiria drone inayopaa na video tamu ya Instagram. Wapi! Kazi yenyewe ni matope.

Unachagua vipande vya msitu, tuseme mita kumi kwa kumi, kwa kufuata mstari kutoka ufukweni kuingia ndani, na si kwa kupenda pale pazuri. Kila mti ulio ndani unaandikwa: aina, kimo, unene. Mti wa kawaida unapimwa unene kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayosimama kama miguu ya buibui, unapimwa juu ya mzizi wa mwisho. Halafu unahesabu miche na visiki. Watu hudharau visiki, lakini kisiki ndicho shahidi wa mti uliokuwepo. Kipande chenye visiki vingi na miche michache kinakwambia habari mbaya hata kama kwa mbali kinaonekana kijani.

Na unafuata maji. Bahari ikikupwa una masaa machache, ikianza kujaa unatoka.

Aina zenyewe ni tisa Kenya, na kila moja ina mahali pake. Mlilana husimama mbele ukipigwa na mawimbi. Nyuma yake mkoko, kisha muia na mkandaa, na mchu unajitokeza tena juu kule karibu na nchi kavu penye chumvi kali. Ukipanda mkoko mahali pa mlilana unakufa. Hii ndiyo sababu mimi hutazama zile picha za siku ya kupanda mikoko, watu wa fulana mpya na gumbuti, nikajiuliza: kuna aliyerudi baada ya mwaka mmoja kuhesabu iliyopona?

Swali hilo ni kubwa kuliko Lamu. Mwishoni mwa 2022 serikali ilianza kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Sawa, mti ni mti. Lakini mkaratusi una asili ya Australia, na mvinje tuliouzoea ufukweni nao ni mgeni kwenye pwani hii. Una faida zake, unaota haraka na nguzo zake zinauzika. Ila msitu wa mvinje mtupu hauwezi kuwa nyumba ya wale waliozoea msitu wa Boni. Idadi ya miche iliyopandwa haikwambii hilo. Mpaka mtu aingie na aorodheshe nani anaishi humo, mgeni na mwenyeji wote wanahesabiwa kama "mti mmoja".

Sange aliyekuwa hapo siku zote

Mfano mzuri zaidi wa nguvu ya kuhesabu uko bara, Boni na Dodori. Mwaka 2010 KWS na watafiti wa jumuiya ya zoolojia ya London walitegesha kamera msituni, zile zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita. Kamera zikaleta picha za sange mkubwa. Sange ni mnyama mdogo mwenye miguu myembamba na pua ndefu kama mkonga, anayechakura wadudu kwenye majani makavu. Huyu wa Boni rangi zake hazikufanana kabisa na wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwaka 2021 wanasayansi wakamwandika rasmi kama jamii ndogo mpya.

Kamera hizo hizo zikaonyesha kitu kingine. Paa nunga, swala mdogo aliye hatarini kutoweka, alijulikana zaidi Zanzibar na Arabuko-Sokoke. Kumbe Boni na Dodori ndiko waliko wengi kuliko kwingine kote duniani. Hebu fikiria. Mnyama dunia inamlilia, na ngome yake kuu ni msitu ambao Wakenya wengi wanaujua kwa habari za mabomu tu.

Magazeti yakasema sange "amegunduliwa". Mimi neno hilo linanikera kidogo. Waawer, ambao wengine huwaita Waboni, wameishi ndani ya misitu hiyo kwa uwindaji na asali tangu mababu. Ni vigumu kuamini hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kumwona. Kilichobadilika ni kwamba sasa mnyama ana picha, ana tarehe, ana mahali kwenye ramani. Ameingia daftarini.

Halafu mlango ukafungwa. Mwaka 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, zaidi ya watu 60 wakauawa. Septemba 2015 ikaanza Operesheni Linda Boni dhidi ya Al-Shabaab. Sina ugomvi na usalama, watu walizika ndugu zao. Lakini msitu ambao huwezi kuingia bila hofu ni msitu usiohesabika, na Mwawer aliyezuiwa kwenda kutafuta asali ndiye macho tuliyoyapoteza. Miradi mikubwa haikungoja hesabu hiyo ikamilike.

Mahakamani, hesabu ndiyo shahidi

Ukiona haya ni mambo ya watu wa miti, twende kortini.

Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, pamoja na viongozi wa Sudan Kusini na Ethiopia, alizindua ujenzi wa mradi wa LAPSSET na bandari yake pale Lamu. Wakazi wakaenda mahakamani mwaka huo huo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zao zilikiukwa na kuamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Uamuzi mtamu, ila malipo yenyewe yakageuka safari ndefu ya mazungumzo. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021.

Kisha kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kilichopangwa Kwasasi. NEMA ilitoa leseni 2016. Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira likaifuta, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari ilikuwa na mapengo. Wanakijiji na wanaharakati walishinda kwa kusoma ripoti ukurasa kwa ukurasa na kuonyesha kilichokosekana. Si kwa mabango peke yake.

Hapa ndipo panahitaji umakini wetu. Kwa sheria yetu, tathmini ya athari kwa mazingira inafanywa na mtaalamu aliyeajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Simaanishi wote ni waongo. Namaanisha mwenye kesi ndiye anayemtafuta shahidi. Na hata shahidi mkweli akija kwa wiki moja ataona wiki moja. Akihesabu ndege wa ufukweni mwezi Julai, atawakosa wale wanaohamia kwetu kutoka Ulaya na Asia, ambao hufika kuanzia Septemba na kuondoka kama Aprili. Ripoti itasema ndege ni wachache. Haitakuwa uongo, na bado itakuwa imekudanganya. Utaipinga vipi kama huna hesabu yako ya Januari?

Asilimia 40 ya nini?

Sasa kuna kaboni. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko tangu miaka ya 2010. Eneo lake ni hekta 117 tu, na pesa zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Piga hesabu ya Lamu yenye hekta zaidi ya elfu 37, utaelewa kwa nini wageni wenye laptopu hawaishi kushuka kwenye uwanja wa ndege wa Manda.

Sheria ya tabianchi ilirekebishwa 2023, na sasa inasema miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Safi. Lakini asilimia 40 ya nini? Kaboni haionekani. Inatokana na zile namba za matopeni: miti mingapi, aina gani, minene kiasi gani, na mwaka ujao je. Anayeshika futi ndiye anayeandika mapato. Kama hujui namba ya kwanza, hutajua kama umepunjwa kwenye ya mwisho.

Kuna watakaosema kuhesabu nako kuna hatari. Ni kweli. Orodha inayosema paa nunga yuko wapi ni zawadi kwa mwindaji haramu, na ramani ya mikoko minene ni zawadi kwa dalali. Ndiyo maana hoja si kuhesabu tu, hoja ni daftari likae kwa nani. Kilichohifadhiwa na jamii yenyewe kinaweza kufichwa penye haja na kutolewa penye haja. Kilichokaa kwenye kompyuta ya mshauri Nairobi hakina mwenyewe.

Tufanye nini?

Kwanza, tuombe ripoti. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 kujibu. Ombeni data yenyewe, msikubali kupewa muhtasari: vipande vilikuwa wapi, vilipimwa mwezi gani, na nani alipima.

Pili, majina. Orodha nyingi za miti ya Lamu zimeandikwa kwa Kilatini na Kiingereza. Mkataji wa Siyu hawezi kusahihisha orodha isiyosema mkandaa wala msikundazi. Akiweza kuisoma, atakwambia palipokosewa kabla hujamaliza chai.

Tatu, kazi hii iende kwa vijana wa visiwani, na ilipwe. Mimi chuo niliacha, sina digrii, na siwezi kukudanganya kwamba takwimu zinachambuliwa kwa kubahatisha; huko wataalamu tunawahitaji. Ila kupima mti, kutambua aina, kuandika tarehe, kubadilisha betri ya kamera, hizo ni kazi za mtu mwangalifu mwenye simu anayejua maji yanajaa saa ngapi. Vijana wa namna hiyo wamejaa Pate, Faza na Kizingitini, wengi wakisubiri ajira bandarini.

Mkutano ujao wa maoni ya wananchi utafika, kama sio wa kaboni basi wa gati lingine. Vijana wa Lamu wakiingia na hesabu yao ya miaka miwili, mshauri atalazimika kueleza kwa nini namba zake zinatofautiana na zao. Hesabu ya miaka miwili inaanza na kipande kimoja cha mita kumi kwa kumi, na maji yanakupwa kila siku.