Mtoto Apimwe Kabla ya Kuhukumiwa

Mwalimu anapomwandikia mzazi kwamba mtoto wake apimwe uwezo wa kujifunza, aghalabu nyumba nzima huingiwa na hofu. Baba aliye zamu mpakani Busia hudhani mwanawe ameitwa punguani. Mama huona kuwa malezi yake yametiwa ila. Hofu hiyo haina msingi. Upimaji huo si mtihani wa kufaulu au kushindwa, bali ni uchunguzi wa kutafuta kinachomzuia mtoto kushika masomo.

Huduma hii si ngeni katika nchi hizi. Kenya ilianza kufungua vituo vya kupima watoto mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na mwaka 1986 ikaanzisha Taasisi ya Elimu Maalumu, iliyoko Kasarani, Nairobi. Uganda ilifuata katika miaka ya 1990, na walimu wa fani hiyo hufunzwa Kyambogo. Mzazi aliye Busia ya Kenya aulize katika ofisi ya elimu ya kaunti. Aliye Tororo au Busia ya Uganda amwone afisa elimu wa wilaya.

Siku ya kupimwa, mzazi ndiye huulizwa kwanza: mtoto alizaliwaje, alitembea na kusema akiwa na umri gani, na amepata kuugua nini. Asione haya kusema kweli, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Malaria iliyopanda kichwani, kwa mfano, yaweza kuacha madhara ya muda mrefu. Utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona ugonjwa huo alikuwa bado na upungufu wa kufikiri au kukumbuka miaka miwili baadaye. Kwa hiyo mzazi achukue kadi ya kliniki, madaftari na ripoti za shule.

Kisha hupimwa macho na masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri hudhaniwa mkaidi, na asiyeona ubao hudhaniwa mvivu. Baadaye mtoto huketi na mpimaji mahali patulivu. Husoma, huandika, huhesabu, hutazama picha, hupanga vipande vya mbao na kurudia maneno aliyoyasikia. Maswali huanza kwa mepesi yakaongezeka ugumu. Hakuna mtoto anayetarajiwa kuyajibu yote. Akichoka, hupumzishwa.

Jambo moja lawahusu hasa askari na polisi, nalo ni lugha. Mtoto aliyeanza kusoma kwa lugha ya Wapadhola karibu na Tororo, kisha akahamishiwa penye Wasamia au Wateso, na nyumbani husema Kiswahili cha kambini, aweza kuonekana mzito wa akili kumbe hajaelewa swali. Mzazi hana budi kumweleza mpimaji lugha zote za mtoto na shule zote alizopitia, na kuomba maswali yaulizwe kwa lugha anayoielewa zaidi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mtoto alale mapema, na asubuhi apate uji au chai na chakula. Asifundishwe majibu, wala asitishwe kwa fimbo. Aambiwe tu kwamba kuna mwalimu atakaye kujua namna anavyojifunza.

Mwishowe mzazi huelezwa matokeo. Pengine mtoto atahitaji miwani, au kukaa mbele darasani, au kuongezewa muda, au mwalimu wa elimu maalumu. Mzazi aulize kila neno asilolielewa na aombe taarifa kwa maandishi. Aitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa, ili uhamisho utakapokuja, mwalimu mpya aanzie pale alipoachia mwenzake. Wako watoto waliochapwa miaka mingi, wakaacha shule na kuishia kubeba mizigo ya wafanyabiashara mpakani, ilhali tatizo lao lilikuwa sikio tu.