Barua za Mwaliko



Mtoto akikaribia siku ya kuzaliwa kwake, au sikukuu ya mtakatifu somo wake, huwaza kwanza chakula na nguo mpya. Wazazi wengi hununua barua za mwaliko zilizopigwa chapa, au huita wageni kwa simu. Si vibaya. Lakini mtoto anayezitengeneza mwenyewe hupata fundisho lisilouzwa dukani.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Kateni karatasi mbili za daftari, kila moja vipande 4. Ndizo barua 8. Korogeni unga wa muhogo katika maji baridi, kisha uwekeni motoni, mkikoroga daima mpaka uwe uji mzito: hiyo ndiyo gundi. Gundi ikitiwa maji kidogo na makaa yaliyosagwa, huwa rangi nyeusi. Udongo mwekundu uliochekechwa hutoa rangi nyekundu. Mama akate kiazi nusu, achonge juu yake nyota au msalaba. Mtoto wa miaka 4 akichovye katika rangi na kupiga chapa karatasini. Maganda makavu ya mgomba, yakikatwa na kubandikwa, hufanya nyumba na miti mizuri. Kisu na moto viwe mikononi mwa mkubwa.

Yule aliyekwisha kuanza shule aandike jina la mwalikwa, siku, saa na nyumba. Akikosea herufi, msimnyang'anye kalamu. Mwonyesheni, naye aandike tena.

Lakini lililo gumu si karatasi, ni majina. Mwaka jana binti yangu mwenye miaka 7 alikaa mezani na barua zake 8. Akataja rafiki saba wa shule. Nikamwuliza habari za mtoto wa jirani, ambaye huenda naye kuteka maji kila asubuhi. Akajibu: «Mama, yule hana nguo nzuri, wala hataleta zawadi.»

Nilitaka kumkaripia, nikanyamaza. Maneno hayo hakuyapata shuleni. Juma lililotangulia mimi mwenyewe nilimsema hivyo mama wa mtoto yule, nikiwa mlangoni, na binti yangu alikuwa karibu akichambua mboga.

Tuliandika barua ya nane pamoja, tukaipeleka sisi wawili. Siku ya karamu mtoto yule alifika wa kwanza, kabla ya saa, ameishika barua mkononi kana kwamba angeulizwa mlangoni. Hakuiachilia hata alipokuwa akila.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu Yezu Kristu anamwonya mwenye karamu asiite rafiki wala jirani matajiri, ambao watamwalika nao, bali awaite maskini. Sisi tumelisikia neno hilo kanisani mara nyingi. Watoto wetu hulisoma katika orodha ya wageni wetu.

Basi, barua zisigawanywe darasani mbele ya wasioalikwa. Zipelekwe nyumba kwa nyumba. Na kabla ya kuandika ile ya mwisho, mwulizeni mtoto: «Tumemsahau nani?» Kisha nanyi, wazazi, jiulizeni swali lilo hilo.